Kurasa Thelathini na Saba

Siku Hajati Maimunah alipoamua kuihamisha tovuti ya kampuni, Ayot alikuwa na simu sikioni, akimwomba radhi mwanamume wa Kireka ambaye kitanda chake kilikuwa kimeshakwenda kwa mtu mwingine. Mwanamume yule hakufoka. Alisema tu kwamba mama yake yuko kwenye gari la wagonjwa, wanatoka naye hospitali ya Mulago, na sasa hajui wamlaze wapi. Ayot akamwahidi kitanda cha akiba, kile ambacho mpini wake wa kuinulia kichwa hukwama. Alipokata simu akamkuta Hajati amesimama mlangoni mwa stoo, amekunja mikono.

"Ni mara ya ngapi mwezi huu?" Hajati aliuliza.

"Ya tatu."

"Basi imetosha. Tutahama."

Kampuni iliitwa Egemeo. Ilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo moja la Bukoto, ofisi mbele na stoo nyuma, na kazi yake ilikuwa kukodisha vitanda vya wagonjwa, viti vya magurudumu na mashine za oksijeni kwa familia zinazouguza nyumbani. Hajati aliianzisha alipostaafu unesi wa jeshi, akiwa na vitanda vinne. Sasa vifaa vilikuwa zaidi ya mia tatu, vimetawanyika kutoka Entebe hadi Mukono, lakini tovuti ilikuwa ileile ya siku za vitanda vinne. Ilikaa kwenye huduma ya kukodi ya mtandaoni, mojawapo ya zile ambazo mtu asiyejua kuandika programu huchagua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa, akaburuta picha hapa, akabandika maneno pale, tovuti ikasimama. Huduma ile ilijua kuonyesha picha ya kitanda. Haikujua kama kitanda chenyewe bado kiko stoo. Ilibidi Ayot aingie kila mara abadilishe kwa mkono, "Kipo" kiwe "Hakipo", na alipokuwa kwenye simu na mteja mmoja, mwingine alikuwa tayari amekwisha kuagiza.

Kwa hiyo Hajati alikuwa na haki, na Ayot alilijua hilo. Hata hivyo neno lile "tutahama" lilimkaa kifuani siku nzima.

Tovuti ile aliijenga yeye. Alipoajiriwa Egemeo alikuwa mpokea simu, msichana wa kambi ya polisi ya Naguru aliyeishia kidato cha nne kwa sababu baba yake, Konstebo Odoch, alifariki mwaka ule ule wa mtihani. Miaka minane iliyopita, msimu mmoja wa mvua ambao wateja walikuwa haba, alikaa na kompyuta ya ofisi na simu yake kando ikimwonyesha masomo ya bure, akajifunza. Nasif, dereva wa gari la kusambazia, alilala kitandani akijifanya mgonjwa, Hajati akamgeuza ubavu kwa ubavu, Ayot akapiga picha. Picha zile zikawa ukurasa wa kwanza wa mafunzo. Baadaye zikafuata kurasa nyingine, moja baada ya nyingine, kila swali alilozoea kuulizwa kwenye simu akiligeuza kuwa ukurasa. Hakuna aliyemtuma. Ikawa watu wakija ofisini husema, "Tumeona kwenye tovuti yenu," naye husikia kama wamemtaja kwa jina.

Heritier, mjenzi wa tovuti aliyetafutwa na Hajati, alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa Mkongomani wa Bunia aliyekuja Kampala kusoma chuo kikuu na hakurudi, kijana mrefu wa miaka kama thelathini, mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la uchapishaji kule Wandegeya. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, chenye lafudhi ya kwao, na alimwita Hajati "mama" tangu dakika ya kwanza, jambo ambalo lilimfanya Hajati aagize chai.

Alieleza atakachofanya. Atajenga jukwaa la Egemeo yenyewe, lisilo la kukodi. Kila kitanda kitakuwa na namba yake, kikitoka stoo jukwaa litajua, kikirudi litajua, na mteja ataona kilichopo kweli. Dereva atapata safari zake kwenye simu. Hajati alisikiliza, akauliza maswali mawili makali kuhusu siri za wagonjwa, akaridhika.

"Na tovuti ya zamani?" Ayot aliuliza.

"Anwani ya kampuni itabaki ileile," Heritier alisema. "Mtu akiandika jina la Egemeo, atafika nyumba mpya badala ya ile ya zamani. Yaliyomo tutayabeba. Yale ya maana."

Neno "ya maana" lilimbaki Ayot masikioni.

Miezi miwili ilipita wakifanya kazi pamoja, na kwa haki Ayot alikiri moyoni kwamba Heritier alikuwa hodari. Alikuja Jumanne na Alhamisi, akakaa kwenye meza ya pembeni, akauliza, akaandika, akarudi na kitu kilichofanya kazi. Mara ya kwanza Ayot alipobonyeza kitanda namba kumi na mbili, kikahama chenyewe kutoka orodha ya stoo hadi orodha ya waliokodi, alitabasamu bila kutaka. Ingekuwa hivyo hadi mwisho, kama si Alhamisi moja ya Machi.

Siku hiyo alikuwa stoo akihesabu magodoro. Heritier, akidhani yuko peke yake, alikuwa akiongea kwa simu na mwenzake wa Wandegeya. "Ni ile kazi ya kuburutaburuta," alimwambia, huku akicheka kidogo. "Unajua, mtu wa ofisini alijichezea. Nimetuma programu ipite kila kiungo, imeleta kurasa tisini na nne. Nusu tutazitupa."

Ayot alisimama na godoro mikononi. Maneno yale yalimchoma. Na hapo hapo, chini ya ule uchungu, akili yake ya kazi ilikamata namba: tisini na nne. Kurasa hazikuwa tisini na nne. Zilikuwa mia moja thelathini na moja.

Alijua kwa nini. Programu ya Heritier ilipita kutoka kiungo hadi kiungo, kama mtu anayetembea nyumba akifungua milango anayoiona. Lakini kurasa thelathini na saba hazikuwa na mlango ndani ya tovuti. Ayot alizificha kwa makusudi. Zilikuwa maelekezo ya vifaa, hasa mashine za oksijeni: ikipiga kelele ufanye nini, taa nyekundu ikiwaka ufanye nini, mtungi wa akiba unafunguliwaje. Mwanzoni aliziweka wazi, watu waliokuja kuangalia tu wakaingiwa na hofu na kwenda zao. Basi akaziondoa kwenye menyu, na badala yake akachapisha stika zenye ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu, akabandika kila kifaa stika yake. Aliye na kifaa nyumbani anaskani, ukurasa wa aina ile ya kifaa unafunguka. Wengine wote hawakuhitaji kujua kwamba upo.

Jioni hiyo, Heritier akiwa ameshasimama, helmeti ya pikipiki kwapani, alimwuliza, "Dada Ayot, orodha ya kurasa umeiona? Kuna kitu nimekiacha?"

Lilikuwa jambo la sentensi moja. Ayot alikuwa nayo mdomoni.

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema.

"Sawa," Heritier alisema, akaondoka.

Alijiambia atamwambia Jumanne. Jumanne Heritier alikuja na Hajati akakaa nao muda wote, ikawa si mahali pake. Alhamisi alijiambia kwamba mtaalamu wa kweli angegundua mwenyewe. Na kulikuwa na wazo jingine, dogo na baya, ambalo hakulitazama usoni: kwamba siku moja watagundua kuna kitu kinakosekana, waje wamwulize mtu wa ofisini aliyejichezea. Siku zikaenda. Kadiri zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema, kwa kuwa sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakusema mapema.

Walihama Jumapili asubuhi, saa tatu, wakati simu huwa chache. Heritier alibadilisha mipangilio ya anwani, wakasubiri, wakanywa chai ya tangawizi, na kabla ya adhuhuri tovuti mpya ilifunguka kwenye simu ya Hajati, kisha ya Nasif, kisha ya Ayot. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, ilifunguka kabla hujainua kidole. Saa saba mchana mteja wa kwanza aliagiza kiti cha magurudumu kutoka Ntinda, kikajitoa chenyewe kwenye orodha ya stoo, na Nasif akapata safari kwenye simu bila mtu kumwita. Hajati alimshika Heritier bega, akamshika na Ayot la kwake. Ayot alihisi uzito wa mkono ule kama anayepokea kitu kisicho chake.

Jumatatu saa nane mchana simu ya ofisi ililia.

Aliyepiga alikuwa mwanamke, na alianza kwa Kiingereza cha haraka kilichokatikakatika. Baba yake yuko kwenye mashine ya oksijeni, mashine inapiga kelele, taa ni nyekundu, ameskani alama na hakuna kitu. Nyuma yake Ayot alisikia mlio wenyewe, mrefu, usiopumzika. Akasikia pia namna mwanamke yule alivyotamka maneno, akamjibu kwa Kiacholi, lugha ya kwao wote wawili. Yule wa upande wa pili akavuta pumzi.

"Jina lako nani?"

"Aciro. Niko Kyaliwajjala. Baba anaitwa Ojera."

"Aciro, mtazame baba. Midomo yake ina rangi gani?"

"Ya kawaida. Labda imefifia kidogo."

"Anaongea?"

"Ananikaripia nisilie."

"Vizuri. Acha aendelee kukukaripia. Pembeni ya mashine kuna mtungi mdogo. Umeuona? Shingoni kuna ufunguo umefungwa kwa kamba."

"Nimeuona."

"Uweke juu, uzungushe kushoto taratibu, nusu mzunguko tu. Utasikia kama mtu amepuliza."

Ule mlio uliendelea. Ayot alikuwa amefumba macho. Aliuona ukurasa kama ulivyokuwa, picha ya kwanza, mkono wa Nasif kwenye ufunguo, picha ya pili, mshale mwekundu aliouchora mwenyewe.

"Nimesikia," Aciro alisema.

"Kwenye mashine, namba ilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Kitufe cha mtungi kiweke kwenye mbili. Sasa chomoa mpira wa pua kwenye mashine, uchomeke kwenye mtungi. Usiharakishe. Kisha zima mashine."

Mlio ukakoma. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Ayot alisikia saa ya ukutani ofisini. Kisha ikasikika sauti ya mzee, nzito na yenye kukwaruza, ikiuliza ni nani anayepiga kelele kwenye simu.

"Mwambie ni mimi," Ayot alisema. "Sasa mashine. Imekaa wapi?"

"Pembeni ya kitanda."

"Imegusana na kitu?"

Aciro alisita. "Pazia. Tulifagia asubuhi, tukaisogeza ukutani."

"Ndiyo hiyo. Inavuta hewa kwa nyuma, na pazia limeiziba pumzi, ikapata moto. Ivute iwe mbali na ukuta, urefu wa mkono wako. Kile kisifongo cha nyuma kinachochuja hewa kitoe, kikung'ute vumbi nje, ukirudishe. Iache ipoe dakika kumi. Mimi siendi popote."

Walikaa kwenye simu dakika zote kumi. Aciro alimwambia kuhusu mapafu ya baba yake, kuhusu kaka aliyeko Juba, kuhusu dobi aliyepoteza shuka. Mashine ilipowashwa tena, taa ilikuwa ya kijani. Wakamrudisha mzee kwenye mashine, wakafunga mtungi.

"Niliwahi kuiskani ile alama wiki iliyopita," Aciro alisema kabla ya kukata. "Kulikuwa na picha na kila kitu. Leo imeniambia ukurasa haupo. Nilidhani ni simu yangu mbovu."

"Si simu yako," Ayot alisema.

Aliweka simu chini, akaenda stoo, akaskani stika ya mashine ya kwanza aliyoikuta. Ukafunguka ukurasa mweupe wenye mchoro wa kiti cha magurudumu kilichopotelewa na gurudumu moja, na chini yake maneno: Samahani, ukurasa huu haupo. Heritier alikuwa amewaonyesha mchoro ule wiki mbili nyuma, wakacheka wote. Akampigia Heritier aje, akaenda kugonga mlango wa Hajati.

Hakungoja Heritier afike ndipo aseme. Alimweleza Hajati yote akiwa amesimama: kurasa thelathini na saba, stika, ile jioni aliyoulizwa na jibu alilotoa, sababu iliyomfanya alitoe. Wakati anamalizia, Heritier alikuwa mlangoni, ametoka jasho la safari, na alikuwa amesikia ya kutosha.

Hajati alivua miwani.

"Yule mzee yuko salama?"

"Yuko salama. Nimesikia sauti yake mwenyewe."

"Vipo vifaa vingapi nje vyenye stika hizo?"

"Mia mbili na kumi na kitu. Mashine za oksijeni ni arobaini na moja."

Hajati hakupandisha sauti, na Ayot angependelea apandishe.

"Nilipokuwa jeshini, Ayot, anayetoka zamu alimkabidhi anayeingia wodi nzima. Unasema kitanda hadi kitanda. Unasema na yale ambayo hukuulizwa. Hata kama anayeingia mmegombana naye kantini na humtaki machoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Hajati."

"Na wewe," akamgeukia Heritier.

"Mimi nilimwuliza nikiwa na helmeti kwapani, mama," Heritier alisema. "Huko si kuuliza. Niliiuliza programu kwanza, nikampitia yeye mlangoni." Kisha akamtazama Ayot. "Na yale uliyoyasikia nikisema kwenye simu, sikupaswa kuyasema. Si kwa sababu ulikuwa karibu. Hayakuwa kweli."

Ayot alitikisa kichwa kukubali.

"Basi kaeni mfanye kazi," Hajati alisema, akarudisha miwani. "Nasif na mimi tutapiga simu kwa hao arobaini na mmoja."

La kwanza walilofanya lilichukua chini ya saa moja. Heritier aliuondoa ule mchoro wa kiti, na badala yake akaweka ukurasa wa dharura, ili anwani yoyote ambayo jukwaa halikuitambua ilete namba ya simu kwa herufi kubwa na hatua tatu: mtazame mgonjwa, fungua mtungi wa akiba, tupigie. Maneno aliyatoa Ayot, akasimama nyuma ya kiti akiyakata na kuyapunguza hadi yakabaki yale ambayo mtu aliyeshikwa na hofu anaweza kuyasoma. Wakati huo huo, kwenye chumba cha pili, walisikia sauti ya Hajati ikiuliza familia moja baada ya nyingine mashine imekaa wapi, na imegusana na nini.

Kazi kubwa ilichukua siku tatu. Bahati ilikuwa kwamba akaunti ya zamani ilikuwa haijafungwa, kurasa zote bado zilikuwa huko, hazionekani na mtu. Tatizo lilikuwa anwani, maana kila stika ilikuwa na anwani ya ukurasa wake iliyochapwa, na stika zilikuwa kwenye nyumba za watu. "Hatuwezi kubadilisha stika mia mbili leo," Heritier alieleza, "lakini tunaweza kuifundisha tovuti mpya. Mtu akigonga kwa anwani ya zamani, aelekezwe kwenye ukurasa mpya bila hata kujua kwamba tulihama." Alimwonyesha jinsi ya kuandika maelekezo yale: mstari mmoja, upande huu anwani ya zamani, upande huu mpya. Alipoandika wa kwanza, akasukuma kompyuta mbele ya Ayot.

"Andika wa pili."

"Mimi?"

"Anwani unazijua wewe. Mimi nitakuwa nakusomea tu, na wewe huhitaji kusomewa."

Ayot aliandika. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Nyingi alizikumbuka kichwani, na zile zilizompotea walikwenda stoo kuziskani kwenye vifaa vilivyorudi. Kosa moja la herufi lilimchukua nusu saa kulipata, na alipolipata mwenyewe, kabla ya Heritier, alipiga meza kwa kiganja. Walipokuwa wakibeba kurasa, Heritier alizisoma moja moja, pamoja na zile zilizokuwa zimeshahama, kwa makini, kama ambavyo hakuwahi kuzisoma. Kwenye ukurasa wa kumgeuza mgonjwa aliacha kazi, akausoma tena tangu mwanzo. Akasema bibi yake alikufa Bunia na vidonda vya mgongo, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?" aliuliza.

"Watu wa kwenye simu," Ayot alisema. "Niliandika walichoniuliza, kwa mpangilio waliouliza."

Jumatano jioni kurasa zote thelathini na saba zilikuwa zimehamia. Ayot aliskani kila stika iliyokuwamo stoo, akiweka alama kwenye daftari, na hakuna hata moja iliyomfungia mlango.

Alhamisi Hajati aliwaita wote wawili. Alisema jukwaa linahitaji mtu wa kulitunza kila siku, wa kuandika kilichomo na kuamua kinachoingia na kinachotoka, na mtu huyo hawezi wakati huo huo kuwa anapokea simu. Amepata mpokea simu mwingine, ataanza mwezi ujao. Ayot atajifunza kwa Heritier siku mbili kwa wiki, kule Wandegeya.

"Hajati, baada ya nilichofanya?"

"Baada ya ulichofanya, ndiyo. Hukusubiri nigundue." Hajati alifungua faili lililokuwa mbele yake, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha, kisha akainua tena kichwa. "Lakini mpokea simu mpya utamkabidhi wewe. Kitanda hadi kitanda."

Ijumaa Ayot alipanda gari la Nasif hadi Kyaliwajjala. Alitaka kuiona mashine kwa macho yake, na kulikuwa na jambo jingine lililomsukuma, ambalo alijua halitatulia hadi amwone mzee mwenyewe.

Mzee Ojera alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, mpira wa oksijeni puani na redio mapajani. Alikuwa sajini wa polisi mstaafu. Hilo Ayot alilijua hata kabla ya kuambiwa, kwa jinsi alivyomsalimia kwa Kiswahili, kile cha kambi za polisi kama alichozungumza baba yake, na jinsi alivyomwangalia viatu kwanza. Mashine ilikuwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, imezungushiwa mstari wa chaki sakafuni.

"Mstari ni amri yangu," mzee alisema. "Anayeivusha mstari ataniona. Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kukuomba radhi. Ukurasa ulikuwa haufunguki kwa sababu yangu."

Alimweleza kwa maneno machache, mbele ya Aciro, bila kujipunguzia. Mzee alisikiliza akivuta pumzi zake fupi. Aciro alikuwa ameinamisha kichwa, na Ayot hakujua anafikiri nini, wala hakujipa haki ya kuuliza.

"Mimi sikuusoma ukurasa huo hata ulipokuwa unafunguka," mzee alisema hatimaye. "Binti yangu ndiye anayeusoma. Siku nyingi mchana kutwa yuko dukani kwake, mimi niko peke yangu na mashine hii, na siwezi kuusoma. Maandishi yenu ni madogo. Nani aliyaandika, sisimizi?"

Aciro alicheka kwanza, akiziba mdomo kwa kiganja.

Ayot alitoa simu yake. Aliingia kwenye jukwaa, kama Heritier alivyomwonyesha siku mbili kabla, akautafuta ukurasa wa aina ile ya mashine. Aliongeza ukubwa wa herufi mara mbili. Kisha akafikiri kidogo, akazifuta sentensi mbili zilizojaza nafasi bure, akapandisha picha ya mtungi ikawa ya kwanza kabisa. Akabonyeza hifadhi, akamwomba Aciro simu yake, akaiskani stika, akamkabidhi mzee.

Mzee Ojera aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akapata mahali pake.

"Mtazame mgonjwa," alisoma kwa sauti, akisimama kila neno. "Hapo mgonjwa ni mimi mwenyewe."

"Basi nitakuandikia wa kwako," Ayot alisema. "Wa mtu aliye peke yake. Nieleze, mashine ikilia na hakuna mtu nyumbani, mkono wako unafika wapi?"

Mzee akanyoosha mkono kuelekea kwenye mtungi, taratibu, ili aonyeshe. Ulipungukiwa kwa kama shibiri moja. Nasif, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia bila kuambiwa, akausogeza mtungi karibu na kitanda, na Ayot akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuandika.